Bi Mawingu na mzigo usiojibiwa kwa "sawa"

Chuma bado ni baridi. Bi Mawingu anakipapasa kwanza kwa kiganja, kama mama anayemgusa mtoto shavuni kujua kama ana homa. Anafunga mkanda wa usalama, anauvuta kuhakikisha umeshika, kisha anatia mguu mmoja kwenye ngazi. "Bismillah," anasema, na bado hapandi. Anasubiri redio.

Redio ya upepo iliyoning'inia begani inakoroma, na sauti ya mzee inauliza, "Dereva, mzigo wako ukoje leo?"

Kreni haijanyanyua hata tofali moja. Ndoano yake inaning'inia tupu juu ya saiti. Mgeni angedhani mzee amechanganyikiwa, lakini dereva anajibu bila kusita. "Usingizi nimeupata. Bega la kulia linavuta kidogo. Woga upo, ila leo haunizidi nguvu. Na wifi yangu amenichekesha asubuhi mpaka chai ikanipalia. Alhamdulillah."

"Nimekupata," mzee anajibu. "Panda."

Ndipo anapanda, kidato kwa kidato, mpaka anakuwa mdogo kama ndege aliyetua juu ya waya. Mafundi wa nondo wanaomalizia chai yao hata hawainui vichwa. Wamezoea. Lakini mwaka jana ungewaambia kwamba mwanamke huyu ataikanyaga tena ngazi hiyo, wangekuonea huruma.

Jina la Bi Mawingu alipewa hapa hapa saitini, na wachimba msingi waliochoka kumtazama mpaka shingo zikawauma. Ni mama wa watoto wawili na mke wa fundi cherehani, mtu mpole anayeogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa. Nyumbani kwao taa ikiungua, anangojewa mama arudi kutoka kazini.

Alipotaka kujifunza kuendesha kreni, ukoo mzima ulishika kichwa. Mjomba alisema si kazi ya mwanamke, shangazi akauliza nani atamposa. Mtu mmoja tu alisimama upande wake, naye ni mama yake mzazi. "Aliniambia, 'Panda. Mungu yupo na huko juu,'" anakumbuka. "Leseni yangu naiona ni zawadi yake."

Kazi yenyewe haifanywi na mtu mmoja. Dereva akiwa juu haoni nyuma ya kuta, kwa hiyo huazima macho ya mwelekezi aliye chini. Mwelekezi wake ni Babu Filimbi, mzee aliyeanza kuongoza kreni kwa filimbi kabla redio hazijafika, na mpaka leo filimbi hiyo haimtoki shingoni. Huwa wa kwanza kufika saitini na wa mwisho kuondoka. Vijana humtania kwamba analinda saruji isitoroke.

Kati ya wawili hao kuna sheria moja isiyochezewa. Ukiulizwa mzigo ukoje, husemi "sawa". Unasema unachokiona: umeinama kushoto, unazunguka, upepo unausukuma, kamba imekaza.

"'Sawa' ni neno la sebuleni," anasema Babu Filimbi. "Hapa mzigo uko juu ya vichwa vya watu. Mimi nataka habari."

Mwaka jana mama yake Bi Mawingu alifariki. Alizikwa, matanga yakaisha, na binti akarudi kibandani kwake juu ya kreni. Wenzake walimpa pole, akajibu Alhamdulillah. Wakamuuliza kama analala, Alhamdulillah. Amekula? Alhamdulillah. Ni neno tukufu na hakuna wa kulibishia. Lakini kwake lilikuwa limegeuka mfuniko wa sufuria, na chini yake maji yanatokota.

"Nilikuwa naona nikilia nitakuwa nimemnung'unikia Mungu," anasema. "Kwa hiyo nikawa najikaza. Nikasema hii ndiyo subira yenyewe."

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata mumewe. Mkono wa kreni ukigeuzwa kushoto, kutoka kibandani unaonekana ukuta mweupe wa makaburi, na ndani ya ukuta ule udongo mpya wa kaburi la mama. Sasa matofali, nondo na mchanga vyote vilirundikwa upande wa kulia, na jengo lilikuwa linapanda upande wa kushoto. Kila mzigo aliounyanyua ulimpitisha kwa mama. Kutwa nzima alikuwa anahani msiba peke yake, hewani.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kwake kilichomuumbua kilikuwa mzigo wa matofali.

Ulikuwa umefika nusu ya safari, juu kabisa ya watu wa zege, mikono yake ilipoganda kwenye vishikio vya kreni. Moyo ukaanza kupiga kama mlango unaogongwa na askari. Pumzi ikakataa kushuka kifuani. Vidole vikafa ganzi. "Nilijua nakufa. Sikuwa na shaka hata kidogo, nikatoa shahada," anasimulia, na sasa anaweza kucheka kidogo anapoisimulia.

Chini, Babu Filimbi aliona mzigo umesimama bila sababu. Akauliza redioni mzigo ukoje.

Jibu likashuka kwa sauti tulivu, sauti ile ile ya kupokelea mikono ya pole. "Alhamdulillah."

"Nywele zilinisimama," anasema mzee. "Mzigo hauna Alhamdulillah, mzigo una kushoto na kulia. Nikajua huko juu hakuna dereva."

Alitia filimbi mdomoni akaipuliza kwa pumzi yote aliyobakiwa nayo uzeeni. Watu wakatawanyika, makoleo yakaachwa yamesimama kwenye zege. Uwanja ulipokuwa mtupu, aliisogeza redio mdomoni na sauti yake ikashuka, kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Shusha taratibu, mwanangu. Nipo."

Alirudia maneno hayo tena na tena, bila kuongeza lingine, mpaka kidole kimoja kikatii, kikafuatiwa na mkono, na matofali yakagusa ardhi. Hakuna hata moja lililovunjika. Mafundi wawili walipanda kumteremsha dereva, na alipofika chini alikaa juu ya rundo la mchanga.

Nyumbani, maneno yakawa mengi kuliko wasemaji. Jirani mmoja alisema ni husuda, kwa sababu mwanamke aliyepanda juu hakosi macho ya kumtazama. Mwingine akasema amepitiwa na jini. Wa tatu, ambaye ndiye aliyemuumiza zaidi, alisema kwa upole kwamba mwenye imani ya kweli hapatwi na hofu ya namna ile.

Aliyabeba hayo pia. Akaongeza sala za sunna. Akaongeza dhikri. "Nilikuwa naikimbiza tasbihi kama mtu anayefukuzwa na mbwa," anasema. "Nikimaliza nahema kuliko nilivyoanza. Kisha najiambia, unaona, hata dhikri imekukataa."

Alipewa likizo ya ugonjwa, mshahara ukakatwa nusu, na cherehani ya mumewe ikawa inalia mpaka jioni kufidia. Lakini kilichomnyima raha si pesa. Habari zilimfikia kwamba kampuni imeanza kutafuta dereva mwingine. Ngazi aliyopewa na mama yake ilikuwa inakwenda kwa mtu baki, na yeye mwenyewe hakuweza hata kupita barabara ya saiti.

Aliyemtoa nyumbani ni wifi yake, dada wa mume, mwanamke ambaye ulimi wake unajulikana mtaa mzima. Siku moja alimkuta Bi Mawingu amekaa kitandani na viatu miguuni, ameshindwa kutoka. Hakumbembeleza.

"Wifi, jino likikuuma unakwenda kwa daktari wa meno," alimwambia. "Husemi imani ya jino imepungua. Inuka twende."

Wakaenda zahanati. Mshauri waliyemkuta ni mwanamke wa makamo, binti wa mwalimu wa madrasa, aliyekulia kwenye mikeka ya babake kabla ya kwenda kusomea saikolojia. Hata hivyo siku za mwanzo hakupata kitu. Kila alilouliza lilijibiwa Alhamdulillah, na anakiri kwamba alibaki anageuza kalamu.

Siku moja akaacha maswali yake yote. Akaomba afundishwe kreni inavyoendeshwa.

Hapo mgonjwa akafunguka. Alieleza kuhusu upepo, kuhusu ndoano, kuhusu Babu Filimbi na sheria yao. Mshauri akauliza, sasa siku ile kwa nini mzee alipuliza filimbi?

"Kwa sababu aliniuliza habari ya mzigo," Bi Mawingu alijibu, "nami nikampa neno zuri lisilo na..."

Hakumaliza. "Sikio langu lilinisikia," anasema sasa. "Nikagundua nimewajibu hivyo watu wote. Mume wangu, wifi, wanangu. Hata kwenye sijda nilikuwa namwambia Mungu 'sawa tu', kana kwamba Yeye haoni mzigo unavyoyumba."

Akalia. Alimlilia mama yake kwa mara ya kwanza tangu azikwe, mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika, ikaisha, na bado analia. Mshauri hakumkatiza. Alipotulia, walitawadha wakasali pamoja.

Mshauri huyo anasema watu wengi wanaielewa vibaya saikolojia chanya, elimu anayoitumia kazini kwake, kama ambavyo wengi wanaielewa vibaya subira. Wanadhani zote mbili ni kumlazimisha mtu atabasamu palipo na kilio. "Nabii Yaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe, na bado anatajwa kwa subira njema," anasema. "Huzuni yake hakuificha, aliipeleka kwa Mola wake. Na shukrani nayo ni kuona. Ukifumba macho, unashukuru nini?"

Kwa maelezo yake, elimu hiyo haiulizi tu kitu gani kimevunjika ndani ya mtu. Inauliza pia ni kipi kimebaki imara, ili kujenga kuanzie hapo. Kwa Bi Mawingu kilichobaki imara kilikuwa wazi: alijua kusema ukweli wa mzigo. Ilibaki kumfundisha kuusema ukiwa wake mwenyewe.

Alipewa kazi ya nyumbani. Kila jioni, kama Waislamu wengi wanavyojihesabia nafsi kabla ya kulala, ataje neema moja ya siku hiyo, na jinsi ilivyomfikia. Mshauri akaongeza sharti kwamba isirudiwe, na pawe na mtu wa kusikiliza. Wifi akajitolea, na mahakama ikafunguliwa kwenye karai la vyombo.

Jioni ya kwanza mshtakiwa alisema "afya". Hakimu akaikataa pale pale, sufuria mkononi. "Afya gani? Ya kidole kipi?" Kesho yake akasema "watoto". Wifi akamwambia watoto walikuwepo hata jana, aseme wamefanya nini. Walibishana wiki nzima, na mume alipopita jikoni alitembea kwa ncha za vidole asije akaitwa kutoa ushahidi.

Kisha jioni moja, mikono ikiwa kwenye povu, Bi Mawingu alisema jambo jipya. Alasiri ile alipotawadha, maji ya bomba yalikuwa ya baridi, na alipojimwagia usoni alisikia kwamba ana uso. Kwa muda mrefu hakuwa ameusikia.  Wifi akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Tasbihi nayo ilipunguzwa mwendo. Punje moja kwa pumzi moja, ikishuka mpaka tumboni. Zikipungua, zipungue. Aliyezoea kuikimbiza aliona kama anafanya uvivu, lakini ndani ya majuma machache akaanza kulala usingizi wa mtu mzima.

Babu Filimbi alifika kumjulia hali siku ya Ijumaa, kanzu imenyooshwa, filimbi ikiwa juu yake. Hakukaa vizuri kitini kabla hajalitoa lililomkaa moyoni. Alisema sauti ya Bi Mawingu redioni ilikuwa imebadilika majuma mengi kabla ya siku ile, naye aliisikia. Lakini kila alipouliza, alijibiwa Alhamdulillah. "Nani atabishana na Alhamdulillah, mwanangu?" alisema. "Nikanyamaza."

Siku hiyo hiyo wakapatana. Kuanzia sasa, kabla kreni haijanyanyua kitu, dereva ataulizwa mzigo wake mwenyewe.

Kurudi kwenye ngazi hakukuwa kwa kishindo. Alianza kwa kuigusa tu na kwenda zake. Akaja siku nyingine akapanda mpaka kituo cha kwanza cha kupumzikia, akakaa hapo kama mtu aliyepanda kuchuma matunda akakuta yameisha, mzee akiwa chini anakunywa chai na kumsomea habari za magazeti redioni. Siku nyingine alipanda vidato vichache akashuka analia. Mzee akauliza, akajibiwa, akasema "Nimekupata", basi. Hakuna aliyesema imani imepungua.

Daktari wa zahanati aliporidhika kwamba anaweza kurudi kazini, msimamizi wa ujenzi naye akatoa sharti lake. Jengo lilikuwa linakamilika, wodi mpya ya wazazi, na ulikuwa umebaki mzigo mmoja mzito kuliko yote: tangi la maji la kukaa juu ya paa. Dereva mwingine alikuwa tayari, amekuja na begi lake. Bi Mawingu akilipandisha tangi lile, kibanda ni chake. Akishindwa, wataagana kwa heri.

Asubuhi ya siku hiyo saiti ilijaa hata wasiohusika. Mumewe alikuja, akasimama nje ya uzio na sindano imechomekwa kwenye ukosi, amesahau kuitoa. Wifi alikuja kwa sauti zaidi.

Tangi likaachana na ardhi. Likapanda. Likaupita ukuta wa juu. Mkono wa kreni ukaanza kugeuka kushoto, polepole, kuelekea kule kule.

Ukuta mweupe ukaonekana. Tangi likasimama hewani.

Babu Filimbi anasema alishaishika filimbi. Lakini aliuliza kwanza. "Dereva, mzigo ukoje?"

Kila mwenye redio saitini alisikia jibu. "Tangi limetulia. Upepo unatoka nyuma yangu. Namwona mama. Nimemsalimia. Machozi yananitoka, ila mikono inanitii. Alhamdulillah."

Mzee akaiachia filimbi ikaning'inia. "Nimekupata," alisema. "Endelea kushoto."

Tangi likaenda, likashuka, likakaa kwenye kiti chake cha zege kama bibi harusi. Wakati fundi wa juu anainua mkono kuonyesha limefika, takbiri ilishapasuka chini, wengine wakipiga miluzi, wengine wakigonga makoleo kwa kofia zao ngumu. Dereva mwingine, begi begani, alikuwa anapiga makofi na yeye. Wifi alipiga kigelegele ambacho, kwa madai yake, kilisikika hadi makaburini.

"Na kifike," anasema Bi Mawingu. "Mama alikuwa akipenda vigelegele."

Leo kreni imehamia upande wa pili wa uwanja, ambako jengo jingine limeanza kuota. Woga haujamhama kabisa. Kuna siku humjibu mzee kwamba leo mzigo ni mzito, na siku hiyo hapandi mpaka upungue. Msimamizi amelikubali hilo. Amegundua pia kwamba watu wa zege na wa nondo wameanza kuulizana vivyo hivyo kabla ya kushika kazi, na ugomvi umepungua.

Sasa Bi Mawingu anawafundisha wanawake wawili kuendesha kreni. Ndoto yake ni kufungua darasa lake mwenyewe, na somo la kwanza halitakuwa la ndoano wala upepo. Litakuwa la kujibu swali. Mwalimu wa somo hilo ameshamchagua, ingawa mwenyewe bado hajaambiwa: Babu Filimbi, anayestaafu mwisho wa mwaka.

Jioni inaingia. Mzigo wa mwisho umeshuka, mafundi wananawa mikono, na mzee anatangaza redioni kwamba kazi imekwisha, dereva ateremke. Dereva hateremki. Kutoka juu anamwona peke yake katikati ya uwanja, kama kila jioni, hana haraka ya kwenda popote.

"Babu," anaita. "Na wewe, mzigo wako ukoje?"

"Alhamdulillah, mwanangu."

"Hilo nimelisikia, Babu. Nimeuliza mzigo."

 Chini, mzee anavua kofia yake ngumu, anaitazama, anaivaa tena.

"Tangu mke wangu afariki, ile nyumba ina kimya kibaya," anasema hatimaye. "Ndiyo maana sitaki kuondoka hapa. Na nikistaafu, sijui asubuhi nitaamkia wapi."

Bi Mawingu anaisogeza redio karibu na mdomo.

"Nimekupata," anasema. "Shusha taratibu, Babu. Nipo."